Jina la Mpokeaji

Wewe, siku unayomzika mama yako, mkoba wako utampa nani akushikie?

Fikiri kwanza. Jeneza liko mlangoni. Wewe ndiye mtoto wa kiume, ni zamu yako kubeba. Mkoba wa kiunoni unakuzuia. Ndani yake mna simu, mna kadi ya benki. Dada zako wanalia. Watoto wanalia kwa kuwaona wakubwa wanalia. Huwezi kumpa anayelia. Utampa aliyetulia. Utampa yule mwanamke anayeongoza sala.

Teofisto alilijua jibu hilo kabla mwenye mama hajajiuliza.

*Saa kumi na mbili asubuhi.*

Chumba cha nyuma cha duka la pancha la Osias. Mtaa wa La Paz, mjini Iloilo. Matairi yamepangwa hadi darini. Chini kuna beseni la maji meusi ya kutafutia matundu. Juu ya stuli kuna sufuria ya wali wa jana uliokaangwa kwa vitunguu saumu, na samaki wakavu watatu juu ya gazeti. Watu watatu, samaki watatu. Teofisto alikula wake, kisha akatafuna na kichwa cha yule wa Osias.

"Rudia," alisema.

"Nimesharudia, Nong Pisto." Nong, yaani kaka mkubwa.

"Rudia."

Arsenia alimeza tonge. Alikuwa amevaa gauni jeupe la mazishi, amejifunga taulo kifuani lisiingie mafuta. "Saa tatu rozari ya mwisho. Saa nne jeneza linatoka. Injinia Amado anabeba mbele, upande wa kulia. Kabla hajabeba ananipa mkoba."

"Asipokupa?"

"Atanipa. Juzi alinipa bahasha za rambirambi nimpelekee dada yake. Jana miwani. Tangu msiba uanze mimi ndiye ninayewasalia pale. Wananiita Nang Senya, dada mkubwa, wananiwekea kiti karibu na feni."

"Unaingia wapi?"

"Bafuni. Nafungua simu kwa tarehe ya kuzaliwa ya mama yake."

"Umeipata wapi hiyo tarehe?" Osias aliuliza.

"Kwenye bango la msiba, pale getini. Kubwa kama mlango. Picha ya bibi, mawingu, mbawa za malaika, na tarehe zake zote. Nilimwona akibonyeza zilezile."

Osias alicheka hadi wali ukampalia. "Yaani namba ya siri imetundikwa barabarani na maua juu!"

"Cheka ukimaliza kula," Teofisto alimkata. "Endelea, Senya."

"Naingia kwenye pochi ya simu, ile ya kutumia pesa. Naiunganisha na kadi yake ya mkopo. Benki inatuma namba ya kuthibitisha, inakuja kwenye simu hiyohiyo niliyoishika. Naiandika. Natuma."

"Kwa nani?"

Arsenia alikitazama kichwa cha samaki mdomoni mwa Teofisto.

"Kwa Felisa."

Teofisto alipenda kazi ya namna hii. Haina bunduki, haina kuruka ukuta. Pesa ya kadi ya mkopo si pesa ya mtu, ni ya benki, na mwenye kadi hujua bili inapokuja. Lakini lazima imwangukie mtu fulani. Mtu mwenye kitambulisho, mwenye sura, mwenye nyumba inayojulikana. Simu inamwita mtu huyo rafiki. Teofisto alimwita ukuta. Polisi wanafuata, wanafuata, wanagonga ukuta. Wakishaugonga wanaridhika, wanarudi nyumbani kula.

Arsenia aliwahi kuwa ukuta. Jina lake ndilo lililopokea, mikono yake ndiyo iliyofungwa. Hakumtaja Teofisto hata mara moja. Kule gereza la wanawake ndiko alikojifunza kuongoza sala kwa sauti, kila jioni, wafungwa wakiitikia. Alipoingia, binti yake Krisel alikuwa ananyonya. Alipotoka, Krisel alikuwa ameshang'oa meno ya mbele.

Felisa ndiye aliyemlea mtoto. Yeye na Arsenia walisoma dawati moja, na Felisa ndiye aliyemshika mtoto siku ya ubatizo, kwa hiyo wanaitana mare, kama wanavyoitana wanawake wote waliounganishwa na mtoto kwenye maji ya kanisa. Siku Arsenia aliporudi, mtoto alijificha nyuma ya sketi ya Felisa. Felisa akamsukuma taratibu.

"Msalimie Tita Senya."

Tita. Shangazi. Kisha mtoto akageuka akamvuta Felisa mkono: "Nanay, nina njaa." Mama, nina njaa.

Arsenia alitaka kitu kimoja tu duniani, na kilikuwa kinaishi nyumbani kwa Felisa, nyuma ya duka la sabuni na vocha. Alikwenda kumwomba. Felisa akamkaribisha wali, akamwambia, "Amalize darasa la kwanza kwanza, mare. Atashtuka." Alisema kwa upole. Laiti angesema kwa ukali, wangegombana, yakaisha.

Osias alifuta mdomo. "Sasa kwa nini yeye? Akaunti za kununua zipo. Sokoni wanaziuza kama mayai."

"Za kununua zinafungwa haraka," Arsenia alisema. "Felisa ana duka. Pochi yake imezoea kupokea nyingi. Haitashtuka."

Sababu ya pili hakuisema.

"Anajua nini?" Teofisto aliuliza.

"Kwamba kaka yangu baharia ananitumia, na pochi yangu imefungwa. Apokee, aitoe, anikabidhi mkononi."

"Amekubali?"

"Ameuliza kaka yangu kama anakula vizuri huko melini."

Osias aliacha kutafuna. "Na wakimjia?"

"Benki ndiyo italia," Teofisto alisema. Akasimama, akavaa shati jeupe. Mfukoni alitia kisu kifupi cha kukatia mpira. "Mazishi yakiisha, tunakwenda moja kwa moja dukani kwake. Tunachukua. Saa tisa tuko gatini, boti ya kwenda kisiwa cha Guimaras. Hakuna kusimama njiani."

*Saa nne kasoro.*

Nyumba ya Injinia ilijaa hadi ngazini. Wazee wa karata waliokesha wakicheza walikuwa wanakunja meza. Jikoni kulikuwa na sufuria ya uji wa mchele na kuku yenye tumbo la kumtosha mtu kuoga. Wajukuu walipitishwa mmoja mmoja juu ya jeneza, mikono kwa mikono, ili bibi asiwarudie usiku. Wa mwisho alipiga kelele na kiatu kikamvuka.

Arsenia alisali. Sauti yake ilikuwa nzuri, nyembamba, haitetemeki. Watu walimwitikia kama maji yanavyofuata mtaro.

Injinia Amado alikuwa mtu mnene mwenye macho mekundu. Alishika mpini wa jeneza. Mkoba ukagonga ubao. Akashika tena. Ukagonga tena. Akaufungua kiunoni, akageuza kichwa huku na huku.

"Nang Senya. Nishikie, tafadhali."

"Nipe, baba. Mbebe mama."

Jeneza likatoka. Hakuna aliyegeuka nyuma, kwa sababu haifai kugeuka. Mtu akavunja sahani kizingitini, msiba usirudi. Arsenia alipiga hatua mbili na umati, kisha akajipiga paja.

"Rozari yangu!"

Akarudi ndani. Wapishi hawakumtazama. Bafuni kulikuwa na ndoo, kata, na gauni la marehemu likining'inia msumarini, bado lina harufu ya mafuta ya kuchulia. Aliligeuzia mgongo. Tarehe ya kuzaliwa. Simu ikafunguka. Kadi akaisimamisha juu ya mfuniko wa ndoo. Akaandika namba zake. Mtandao ukazunguka, ukazunguka. Nje wimbo wa msiba ulikuwa unakwenda mbali.

Ujumbe ukaingia. Akaandika namba ya kuthibitisha.

*Unamtumia nani? Familia. Rafiki. Biashara.*

Kidole kilisimama hewani. Nje mpishi mmoja alimtania mwenzake kwamba amekata tangawizi kama anakata kuni. Arsenia akabonyeza *Rafiki*. Jina la Felisa Tabanera likatokea, na duara lenye picha yake. Kwenye picha alikuwa amembeba Krisel.

Peso laki moja na themanini elfu. Akatuma.

Akafuta ujumbe wa benki. Akaifuta simu kwa upindo wa gauni. Alipowafikia kanisani, sauti yake ilikuwa tayari imeshika sala ilipofikia. Mlangoni pa kanisa alimrudishia Injinia mkoba. Injinia akamshika mikono yote miwili.

*Saa nane kasoro robo.*

Makaburi ya Jaro. Teofisto na Osias walisimama nyuma na mashati yao meupe, kama majirani. Nani anauliza mtu msibani ametoka wapi? Jua lilikuwa linachoma. Maua yakatupwa, saruji ikapakwa, watu wakaanza kutawanyika.

Osias aliwasha pikipiki yake yenye kibanda cha abiria. Teofisto akakaa nyuma yake, Arsenia ndani.

"Dukani kwa Felisa," Teofisto aliamuru.

Osias hakutia gia. "Nong. Tumetoka kuzika."

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo hatuendi nyumba ya mtu moja kwa moja. Lazima tusimame mahali, tumpukute marehemu. Unataka bibi wa watu atufuate?"

"Osias. Wewe mwizi."

"Mwizi ndiyo. Lakini sijawahi kumwingiza maiti nyumbani kwa mtu."

Teofisto aligeukia kibandani. "Senya, mwambie huyu mjinga."

Arsenia alikuwa ameshika rozari. "Mle ndani analala mtoto, Nong."

Teofisto alimtazama mmoja, akamtazama mwingine. Hata yeye, siku walipomzika baba yake, alipitia kilabuni akakaa hadi giza. Hakuna mtu wa mji ule aliyewahi kutoka makaburini akaenda nyumbani.

"Chupa moja ya soda," alisema. "Na mpigie simu mare wako. Alete mwenyewe."

Mgahawa wa supu ya tambi uko pale kona, wa kwanza ukitoka makaburini. Viti vya plastiki, feni nne, sufuria kubwa ya mifupa inayochemka tangu alfajiri. Waliketi meza ya ukutani. Supu zikaletwa, na maini, na ngozi ya nguruwe iliyokaangwa ikielea juu. Osias alikula. Teofisto hakugusa.

Felisa aliingia akitweta, mwanamke mfupi mwenye ndala za bluu na mwavuli. Kapuni alikuwa na kopo la aiskrimu, lile kubwa la lita mbili ambalo kila nyumba huwekea samaki au nyuzi za kushonea. Akaliweka mezani mbele ya Arsenia.

"Mare, umenitoa roho. Nimekwenda duka la rehani mara mbili kuzitoa pesa. Nikaogopa wezi kwenye basi."

"Umefanya vizuri, mare," Teofisto alisema, naye hakuwa mare wake. Akalivuta kopo upande wake.

"Kaka yangu, wewe nani?"

"Rafiki wa kaka yake. Wa melini."

"Ah! Mwambieni apunguze chumvi, mabaharia wanakufa na presha." Felisa akaketi, akavuta bakuli ambalo Teofisto hakuligusa. "Hili la nani? Linapoa."

Hapo ndipo gari la kwanza liliposimama nje. Halafu la pili. Milango ikafunguka, na watu wenye mashati meupe wakashuka. Dada za Injinia. Wajukuu. Wabebaji wa jeneza. Sajini Efren, shemeji yake Injinia, polisi wa mjini, naye amevaa jeupe. Mwishoni Injinia mwenyewe.

Walikuwa wametoka kuzika. Walikuwa wanakwenda wapi kwingine?

Osias aliweka kijiko chini. "Mungu wangu," alisema polepole. "Wote tumekuja kumpukuta bibi mmoja."

"Kaa," Teofisto alisema bila kufungua meno.

Injinia akamwona Arsenia. Uso wake ukalainika. "Nang Senya! Umekuja na jamaa zako? Kuleni, kuleni. Meza hii na zote zile, mimi nalipa. Mama asingekubali wewe ulipe."

Akaenda kaunta. Akatoa kadi. Msichana akaipitisha kwenye mashine. Mashine ikalia vibaya. Akaipitisha tena.

"Imekataa, baba."

"Haiwezekani. Sijaitumia mwezi mzima."

Teofisto akasimama. Akalichukua kopo kama mtu anayechukua kofia yake. "Nakwenda kujisaidia." Njiani akachota funguo za pikipiki mezani. Osias akaziona zikiondoka, akamfuata kwenye ujia wa jikoni.

"Nong, funguo zangu."

Kisu kilikuwa kifupi. Kilipita kiganjani mwa Osias mara moja tu. Jikoni mabakuli yakaanguka. Pikipiki ikanguruma nje, ikaenda. Osias akarudi ukumbini ameushika mkono ndani ya shati, na shati halikuwa jeupe tena. Akakaa palepale alipokuwa amekaa.

"Amesepa," alimwambia Arsenia. "Ametuacha."

Hakuna aliyemwangalia bado. Wote walikuwa wanamwangalia Injinia, aliyekuwa amefungua pochi ya simu na kuvaa miwani. Ujumbe wa benki ulikuwa umefutwa, lakini pochi ya simu haisahau. Akasoma kwa sauti, kama wasomavyo watu wasioamini.

"Leo. Kwa kadi ya mkopo. Laki moja na themanini elfu. Kwa rafiki." Akainua kichwa. "Rafiki gani? Felisa Tabanera ni nani?"

Felisa aligeuka na kijiko mkononi. Mwenye duka akiitwa huitika.

"Mimi hapa, baba. Nikusaidie nini?"

Feni zilizunguka. Sajini Efren alifuta mdomo, akaenda akasimama mlangoni. Hakuwa na haraka.

"Ulipokea pesa leo, dada?"

"Nimepokea. Za kaka yake mare wangu huyu. Yuko melini." Akamgeukia Arsenia, bado anatabasamu. "Mare, waelezee."

Arsenia alitazama bakuli lake. Mafuta yalikuwa yameganda pembeni. Hakuhitaji kufanya lolote. Alihitaji tu kukaa kimya, kama alivyokaa kimya mara ile kwa ajili ya mtu ambaye sasa yuko njiani kwenda gatini. Jina lililopokea lilikuwa la Felisa. Mkono uliotoa pesa ulikuwa wa Felisa. Yeye alikuwa mwanamke wa sala.

"Mare?"

"Nang Senya ametusalia siku zote hizi," Injinia alisema. "Msimsumbue huyo."

Sajini akatoa pingu kwenye gari. Felisa aliziona, na tabasamu likamtoka taratibu, kuanzia machoni. Hakupiga kelele. Alifungua kapu lake, akatafuta, akatoa ufunguo wenye uzi mwekundu. Akamtilia Arsenia kiganjani.

"Kuna makosa hapa, yatatatuliwa," alisema haraka. "Sikiliza, mare. Krisel anatoka shule saa kumi. Simama karibu na mti wa kengele, asipokuona hapo analia. Ana kikohozi, usimpe kitu cha baridi. Usiku anaota, anaita. Akiita, mshike mguu, si mkono, mguu. Mwambie Nanay anarudi."

Sajini akamfunga Felisa pingu. Ufunguo ulikuwa na joto. Kila kitu Arsenia alichokipanga kilikuwa sasa kiganjani mwake, kimekuja chenyewe, na uzi mwekundu.

Alijaribu kuona mlango wa shule saa kumi. Aliona mtoto akitazama huku na huku. Mguu. Hakujua kwamba ni mguu.

"Mfungue," alisema.

"Hujasikia, Nang," Sajini alisema. "Huyu ndiye..."

"Nimesikia. Mfungue. Mkoba ulikuwa kwangu. Nilifungua simu bafuni, kwa tarehe ya bangoni. Huyu hajui kitu. Sina kaka melini. Aliyenituma ni Teofisto Palmes, yuko gatini, boti ya Guimaras, amebeba kopo la aiskrimu. Mara ya kwanza sikumtaja. Namtaja leo."

Dada mmoja wa Injinia akaanza kulia upya. Injinia akaketi kwenye kiti cha plastiki kana kwamba amesukumwa. Osias, na mkono wake ndani ya shati, alisema, "Ni kweli. Nami nilikuwepo," na hakuna aliyemuuliza.

Sajini akahamisha pingu. Felisa alisugua kifundo cha mkono. Alimtazama rafiki yake kama anayetazama nyumba aliyoizoea baada ya moto.

"Kwa nini mimi, mare? Wewe unajua watu. Ungemtafuta mgeni. Kama ni pesa, si ungeniomba? Dukani mimi nina..."

"Sikutaka pesa."

"Ulitaka nini basi?"

Arsenia aliweka ufunguo mezani, akausukuma na vidole viwili hadi upande wa pili. Nje jua lilikuwa bado kali, na wajukuu walikuwa wanagombania kiti cha karibu na feni.

"Nilitaka wakuchukue wewe," alisema, "mtoto abaki hana mtu isipokuwa mimi. Nilitaka mara moja tu, Felisa, aamke usiku, aite Nanay, na niwe mimi."